Mama anasema nimepokea chapa ya mnyama

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu hapa Moshi. Agosti 2021 nilichanja korona, ile ya dozi moja, nikamficha mama yangu wa miaka 71 aliyeko Machame. Juzi amekiona cheti kwenye mkoba wangu. Kikundi chake cha maombi kinafundisha kwamba chanjo ndiyo 666, chapa ya mnyama. Sasa hagusi chakula nilichopika, na amesema Krismasi nisipande kwenda nyumbani. Je, nimetenda dhambi?

JIBU: Amina, binti yangu. Kuchanja si dhambi. Ningeishia hapo, lakini fundisho hili nimeletewa mara ya tatu mwezi huu, na sasa limefika hadi kwenye chungu cha mama na mwanawe.

Wanaolifundisha husoma Ufunuo 13:16, wakifika kwenye mkono wa kuume na kipaji cha uso wanafunga Biblia. Wasogee hadi 14:9. Pale mtu anamsujudu mnyama na sanamu yake, na kuipokea chapa. Hayo mawili hayaachani. Wewe ulipokaa kwenye benchi ukapandisha mkono wa blauzi, ulimsujudu nani? Tena 13:17 inasema asiye na chapa hataweza kununua wala kuuza. Mama hajachanja, na ndizi zake anauza, hajaulizwa cheti na mtu. Chanjo hapa kwetu ni hiari.

Hoja yao ya pili inanikera zaidi kwa sababu imevaa joho la imani: eti mwamini hahitaji sindano. Shetani aliyemwambia Bwana Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu naye alikuwa na andiko mdomoni, Zaburi kabisa. Tauni ilipoingia Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1527, Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri wetu, alibaki mjini na wagonjwa. Aliandika kwamba atamwomba Mungu ulinzi, kisha atafukiza, atatoa dawa na yeye mwenyewe ataitumia. Anayedharau dawa, alisema, anamjaribu Mungu. (Naam, kufukiza. Sina ugomvi na nyungu ya mama, ule mvuke wa majani, mradi asijiunguze.)

Na wanaouliza "kuna nini ndani yake?" Mwaka 2011 nililala kwenye gari usiku mbili njia ya Loliondo, nikanywa kikombe cha Babu, ile dawa ya mitishamba ya Mzee Mwasapile, pale Samunge kwa shilingi 500. Foleni nzima ile, sikusikia hata mmoja akiuliza kilichomo. Babu huyo, mchungaji mstaafu wa kanisa letu, alifariki 30 Julai 2021, siku mbili baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani. Simdhihaki marehemu. Najisema mimi.

Lakini mama yako usimwone mjinga. Januari 2021 alimsikia hayati Rais Magufuli akizitilia shaka chanjo. Julai akamwona Rais mwingine akichomwa sindano mbele ya kamera. Katikati hapo tulizika watu, tukaambiwa ni "changamoto ya upumuaji". Kichwa cha nani kisingezunguka? Kikundi kilimpa jibu moja ambalo halikubadilika, akalishika. Kwa hiyo usiende kubishana naye kwa mistari niliyokupa. Hiyo ni ya viongozi wa kikundi. Yeye muulize lile kovu la begani mwako lilitoka wapi, na ni nani aliyekubeba mgongoni hadi kliniki ukachanjwe. Kwa umri wake huenda naye ana kovu la chanjo ya ndui, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kuwa umetokomezwa duniani.

Ulichokosea ni kumficha. Hilo mama ana haki ya kulilia, na nadhani chakula anachokataa ni kwa ajili ya hilo kuliko 666. Usingoje Krismasi. Panda Jumamosi hii, uchume jani la sale, lile Wachagga huombea msamaha, umpe kwa mikono miwili. Wapo wachungaji wenzangu wanaoliona sale kuwa mila ya kizamani. Mimi jani la kuombea msamaha halinisumbui. Omba msamaha kwa kuficha, si kwa kuchanja, na siku hiyo usimtajie habari ya yeye kuchanja.

Asipokula chako, wewe kula chake. Vaa barakoa, maana aliyechanja bado anaweza kuambukiza, na mkae nje, huko kwenye migomba.