Kuhama Android kwenda iPhone bila kupoteza meseji za WhatsApp

Pole sana dada. Umewasha iPhone, na meseji za WhatsApp za miaka sita, pamoja na sauti za marehemu mama, zimebaki kwenye Android. Hazijapotea. Ila hiyo Android ya zamani usiifute hata kidogo.

Nakala ya meseji iliyoko Google Drive haifunguki kwenye iPhone. Mimi nilitumia Move to iOS, programu ya Apple ya kuhamisha vitu kutoka Android, na WhatsApp inahama nayo pale tu iPhone inapokuwa mpya au imefutwa yote. Kama uliinunua mkononi kwa mtu, kwanza aondoe akaunti yake ya Apple, la sivyo ukiifuta itajifunga. Kisha futa hiyo iPhone, weka programu hiyo kwenye Android, chagua WhatsApp, tumia namba ileile. Chomeka zote chaji. Yangu iliganda kwenye dakika ya mwisho karibu saa nzima, niliiacha, ikamaliza.

Programu ulizolipia huenda ukazilipia tena, inauma. Kitufe cha kurudi nyuma utakitafuta wiki mbili. Lakini masasisho utayapata miaka mingi.

Ikigoma, nenda kwa fundi unayemwamini, ukae naye mpaka amalize, na nywila uandike mwenyewe.