Makucha ya loda: usinunue kubwa kama nilivyonunua mie

Watu wameniuliza sana kuhusu yale makucha ya chuma ya kubana na kubeba mizigo niliyofunga mbele ya kitrakta changu, wengine wayaita grapo, sasa wacha niandike mara moja nipumzike. Trakta yenyewe ni ndogo, hospawa 28, loda yake, ile mikono ya mbele ya kuinulia mizigo, kitabu chasema inainua kilo 400, na kazi zangu nyingi ni mashamba ya huku Kisauni mpaka Mwakirunge, kuondoa minazi iliyozeeka, visiki, matawi ya miembe, makuti, na saa nyengine mawe ya matumbawe yaliyojificha kwa udongo.

Macho hayana pazia bana. Nilikuta grapo ya mitumba, futi sita, meno manene kama mkono wangu, nikaipenda hapo hapo wala sikuuliza uzito. Kufika nyumbani tukaipima ni kilo 230! Sasa piga hesabu, toa 230 kwa 400, imebaki 170 ya mzigo, na hata hiyo 170 ni ya uwongo kwa sababu zile 400 zinapimwa pale kwenye pini ambapo makucha yanashikana na mikono ya loda, na mzigo haukai hapo, unakaa mbele zaidi, na kila ukienda mbele nguvu inapungua.

Kazi ya kwanza ilikuwa vipande vya mnazi mbichi, kila kimoja karibu mita mbili, vya kupakiwa kwa lori. Mnazi mbichi mzito ajabu, una maji ndani. Nikakishika, nikainua taratibu, kufika usawa wa kifua nikahisi kiti kinaninyanyua, nikadhani ni shimo, kumbe ni magurudumu ya nyuma yameacha ardhi na yule kijana wa lori anapiga kelele "teremsha! teremsha babu!" Nikateremsha, mkono watetemeka, mkanda nao sikuwa nimefunga. Siku hizi naufunga hata nikisogea hatua kumi, na mzigo nautembeza chini karibu na ardhi, nainua nikishafika tu.

Ile futi sita niliiuza kwa hasara, nikachukua ya futi nne, kilo 140. Magurudumu yanatokeza kidogo huku na huku, sijali, mnazi hauhitaji upana. Halafu nyuma nikafunga uzito, pipa lililojazwa zege na vyuma vya kushikia kwenye mikono ya nyuma ya trakta. Wazungu wauita uzito huo balasti, nami mara ya kwanza kusikia nikashangaa kokoto za ujenzi zahusu nini na trakta yangu.

Aina pia uangalie. Kuna ile ya baketi yenye kifuniko juu, nzuri ukibeba takataka ndogo ndogo au mchanga, lakini kwa visiki mie nasema chukua ile ya meno matupu chini, kisiki cha mnazi kina mizizi myembamba mingi mno inakumbatia udongo, ukikitingisha kidogo udongo wadondoka kati ya meno badala ya kuubeba bure. Aina zote mbili zina kifuniko, ile taya ya juu inayobana mzigo. Kifuniko kimoja ni chepesi na kwa trakta ndogo kinatosha. Viwili vinashika vizuri mzigo usio sawa, huku kisiki huku tawi, lakini unaongeza silinda (yale mabomba ya kusukuma kifuniko kwa nguvu ya mafuta), mipira ya kupitishia mafuta na kilo.

Sasa hapa ndipo wengi wanakwama: haidroliki, yaani hiyo nguvu ya mafuta. Joistiki ya loda, ile fimbo ya kuiendeshea, ina kazi mbili, kuinua na kukunja baketi, na makucha yanataka ya tatu, kufungua na kufunga. Muulize fundi kabla hujalipa chochote. Njia ya bei nafuu ni valvu yenye kitufe, ukikibonyeza mafuta yanaacha kukunja yanaenda kwa makucha, kwa hivo huwezi kukunja na kubana kwa wakati mmoja. Njia ya pili ni kuyapa makucha valvu yao peke yao, hiyo unafanya yote pamoja ila bei yake utakaa chini kwanza. Mie nina ya kitufe na baada ya wiki nshazoea. Mipira yenyewe ipitishwe ndani ndani ya mikono ya loda, yangu ilikuwa inaning'inia, tawi la mwembe likaunyofoa mmoja na mafuta yakamwagika yote kwa shamba la mtu, aibu.

Na uangalie inavyofungwa. Zingine ni za pini, zingine za bamba la kufungia haraka, usiponunua inayolingana na loda yako utaishia kwa fundi wa kuchomelea kama nilivyoishia, siku mbili nzima.

La mwisho ni hii chumvi yetu. Upande wa bahari ule mti wa silinda unaong'aa ukiachwa nje unaanza vidoa vya kutu, na kidoa kikipita kwa sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, kinaikwaruza, hapo ndipo mafuta yanaanza kuvuja. Nikimaliza kazi napangusa kwa kitambaa chenye mafuta, grisi kwa kila pini, na naegesha makucha ile miti ya silinda ikiwa imeingia ndani kabisa. Kwangu hiyo ni makucha wazi, kwa hivo nimeyaelekeza ukutani, maana kuku wa jirani washaanza kulala humo.