Kupona Korona si Ruhusa ya Kuacha Tahadhari Kazini

Katika miaka yangu ya uuguzi wakati wa korona, kauli niliyoisikia sana kwa wenzangu wa zamu ni kwamba aliyekwisha kuugua hana tena la kuogopa. Mwanzoni ilikuwa na ukweli wake: utafiti wa SIREN, uliofuatilia maelfu ya wahudumu wa afya nchini Uingereza, ulionyesha mapema mwaka 2021 kwamba maambukizi ya awali yalipunguza uwezekano wa kuambukizwa tena kwa takriban asilimia 83, angalau kwa miezi mitano. Lakini kingamwili hupungua na virusi hubadilika. Omicron, aina ya kirusi cha korona iliyopewa jina hilo Novemba 2021, iliwaambukiza upya wengi waliokuwa wamepona.

Muuguzi, dereva wa basi au mhudumu wa duka hukutana na hatari hiyo kila zamu, kwa kuwa kazi yake haifanyiki nyumbani. Ndiyo maana nilipinga, na ninapinga bado, utaratibu niliowahi kuuona wa kuwapeleka waliopona kuhudumia wagonjwa wa korona kwa vifaa hafifu vya kujikinga, eti miili yao imeshazoea. Ukipangiwa hivyo, dai barakoa inayobana vizuri usoni kama ya mtu mwingine yeyote.

Mahali ninapopahofia zaidi ni chumba cha mapumziko. Wodini tunajilinda, kisha tunaingia chumba kidogo, tunavua barakoa, tunakula na kuzungumza kwa karibu, wakati virusi vinaweza kuelea hewani kwa muda mrefu pasipo na mzunguko wa hewa. Fungueni madirisha, na mle kwa kupokezana.

Dalili zikianza, jitenge na upime, lakini usiridhike na kipimo kimoja cha haraka kinachoonyesha huna maambukizi. Rudia baada ya saa 48. Chanjo nayo ipokee hata kama uliugua, kwa sababu hupunguza ugonjwa mkali na vifo, na aliyeugua kisha akachanjwa huwa na kinga imara zaidi.

Kuna jambo ambalo barakoa haiwezi kulitatua: anayelipwa kwa siku ataficha kikohozi chake ili familia ile. Mwulize mwajiri sasa, ungali mzima, kama siku za kujitenga zinalipwa, hata ukiugua mara ya pili au ya tatu, na umwombe jibu la maandishi.