Dola za Melini: Nawajibu Nyumbani

Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, eti ni kweli wageni wa meli wanawaachia dola kitandani kila asubuhi? Mimi nimemaliza chuo cha hoteli, mbona hutaki kunivuta?" Nyuma yake nikamsikia shangazi: "Mwache huyo, mkono wa birika." Maneno hayo nimelala nayo wiki nzima. Mimi ni mhudumu wa vyumba melini, na nawajibu wote kwa pamoja, maana najua swali hili linaulizwa kwenye baraza nyingi za Likoni na Kisauni, si kwetu peke yetu.

Dola zipo, ila si za kitandani. Kwenye meli kubwa za utalii zinazotoka Miami, abiria hukatwa bakshishi kwenye bili kila siku ya safari. Kampuni nyingi za soko la Marekani hukata kati ya dola 16 na 20 kwa kila kichwa, mtoto naye akihesabiwa. Wakongwe wa melini wanatuhadithia kwamba zamani usiku wa mwisho abiria waligawiwa bahasha: hii ya mhudumu wa meza, hii ya msaidizi wake, hii ya anayetandika chumba. Kila mtu akatia alichojaliwa. Siku hizi mambo yote yako kwenye kompyuta, pesa zinaingia chungu kimoja halafu ndiyo tunagawiwa.

Nyumbani tukisema bakshishi tunafikiria ile ya hoteli za Diani. Mtalii amefurahi, amekushikisha shilingi mia tano, na mwisho wa mwezi mshahara wako uko pale pale. Hapa bakshishi ndiyo mshahara wenyewe, au sehemu yake kubwa. Mimi nikiondolewa mgawo wa chungu, kinachobaki hakinitoshi kulipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Asili yake ni desturi ya Wamarekani. Kwao mhudumu wa mkahawa anategemea mteja, na sheria yao ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida. Sasa meli zetu nyingi zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko, hivyo hata tukifunga Miami kila Jumapili, kima hicho cha chini hakituhusu. Desturi ya kumtwisha mteja mshahara wa mhudumu imepanda melini, kinga yake imebaki gatini. Mimi naona si haki, na nimewaambia hivyo wenzangu mezani mara nyingi. Tena si kwamba haiwezekani vingine: P&O Cruises ya Uingereza iliacha kukata bakshishi mwaka 2019, ikasema iko ndani ya bei ya tiketi. Abiria anapanda akijua amemaliza.

Ngoja niwaonyeshe inavyouma. Usiku wa mwisho wa safari huwa kuna foleni kwenye dawati la wageni, na baadhi yao wamekuja kuomba ile bakshishi ya kila siku ifutwe. Wengine wana malalamiko ya kweli. Wengine wanasema, "Wangu nimempa mkononi." Mwaka jana baba mmoja alinipa dola 40 mlangoni kwa chumba chake, akanipiga begani, akaniita rafiki. Nilizipokea kwa mikono miwili kama tulivyofunzwa kupokea kitu cha mtu mzima. Asubuhi msimamizi akaja na orodha, namba ya chumba kile imo: bakshishi yote ya siku saba, watu wanne, imefutwa. Na kwenye meli niliyokuwa, sheria ilikuwa abiria akifuta, alichokupa mkononi unakirudisha chunguni. Nilishuka ofisini na zile noti zikiwa bado zimekunjwa alivyozikunja mwenyewe, nikaziweka mezani, nikatia saini.

Yule baba sidhani kama alikusudia ubaya. Aliniona mimi. Hakumwona anayefua shuka zake.

Huko chini, kwenye sitaha ambazo abiria hafiki, kuna korido ndefu ya wafanyakazi tunayoiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani. Ukipita pale saa tano usiku unakutana na Wafilipino, Waindonesia, Wahindi, na sisi Wakenya wachache, kila mtu na toroli lake. Kwenye dobi yuko mwenzetu kutoka Lamu. Kazi yake ni foronya na taulo, joto la mle ndani sina la kulilinganisha nalo. Hakuna abiria atakayemjua jina. Kila tukipishana ananiambia, "Pole na kazi." Mimi: "Nishapoa, pole na wewe." Basi. Nimetafuta neno hilo kwa Kiingereza nimwambie mwenzangu wa chumbani, nimelikosa. Watu wanasema asante kwa ulichowafanyia, ila kukupa pole kwa sababu umechoka, hilo nimelisikia kwa wetu tu. Chungu kikipungua, na mgawo wa wenzetu kama huyu unapungua.

Sasa kazi yenyewe. Nina vyumba 18, asubuhi na jioni. Siku ya kubadilisha abiria, wa zamani wanatoka saa tatu, wapya wanaanza kuingia kama saa sita mchana. Hapo katikati ni vitanda vyote kuvuliwa, nywele kutolewa kwenye tundu la bafu, vioo, choo, foronya mpya, taulo likunjwe umbo la tembo na macho yabandikwe. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unatudai tupate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Ukizitoa hizo utaona mwenyewe zinazobaki ni ngapi. Na sina Jumapili wala Idi mpaka mkataba wangu wa kazi wa miezi minane uishe.

Shangazi, nakuomba tupige hesabu pamoja. Mwezi wa kawaida napata kama dola 1,200, mgawo ukiwemo. Kwa miezi minane ni 9,600. Nikirudi nyumbani miezi miwili kungoja mkataba mwingine, silipwi hata senti. Gawanya kwa kumi: 960 kwa mwezi. Ni pesa nzuri, namshukuru Mungu. Ila ndiyo ada, ndiyo dawa za mama, ndiyo kiwanja cha Mtwapa ambacho nimelipa nusu. Ninaponyamaza ukiniomba, si mkono wa birika. Mwezi huo umeshakwisha kabla haujaingia.

Na asante isiyo ya pesa ina uzito kuliko mnavyodhani. Mwisho wa safari abiria hutumiwa maswali, na akiandika jina la mhudumu pale, msimamizi analisoma, linaingia kwenye faili. Safari moja bibi mzee alinisimamisha akiwa na kalamu, akaniomba nimtajie jina langu herufi moja moja asije akakosea, akaliandika kiganjani. Mkataba uliofuata nilipandishwa daraja, na jina hilo lilikuwa kati ya yaliyosomwa. Kwa hiyo mkipata mgeni anayekwenda safari ya meli, mwambieni asifute ile bakshishi, aongeze akijaliwa, na aandike jina.

Wewe mdogo wangu, sikukatazi kuja. Anza na mafunzo ya usalama baharini, Bandari Maritime Academy hapo hapo Mombasa wanayatoa. Wakala yeyote akikudai pesa ya kukupatia kazi, mkimbie. Mkataba ule ule wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa ajira. Vya kulipia mwenyewe ni pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha ubaharia. Kabla hujamwachia mtu karatasi zako, nenda Kenya Maritime Authority uulize kama ana leseni.

Halafu nipigie Jumatano tunapofunga Cozumel, kisiwa cha Meksiko, saa nne usiku ya huko. Hapa itakuwa saa nane mchana, nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za duka moja lenye intaneti ya bure, na nina saa moja nzima.