Biashara ya Kwanza Ukiwa Chuoni

Wanafunzi wengi wa chuo huamini kwamba ujasiriamali huanza siku mtaji unapopatikana, na kwa imani hiyo humaliza masomo wakingali wanasubiri fedha. Mimi niliugundua ujasiriamali kwa njia nyingine. Biashara yangu ya kwanza ilitokana na kusikiliza malalamiko ya wenzangu, na mtaji wake ulikuwa kompyuta niliyokuwa tayari ninaitumia kwa masomo.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho niliowafahamu walikuwa hodari katika fani zao, lakini ripoti zao za utafiti zilirudishwa mara kwa mara kwa sababu ya mpangilio tu: namba za kurasa zisizofuatana, majedwali yaliyovuka pambizo, orodha ya yaliyomo isiyolingana na kurasa zenyewe. Nilianza kwa kuwasaidia wachache bila malipo. Baadaye mmoja wao aliniuliza ningemtoza rafiki yake kiasi gani kwa kazi hiyohiyo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nina huduma yenye soko. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwanafunzi ni kumtafuta mtu aliye tayari kulipa kabla ya kubuni nembo, kuchapisha kadi au kununua vifaa. Marafiki watakusifu kwa sababu wanakupenda, lakini anayetoa fedha yake mwenyewe ndiye anayekuthibitishia kwamba umegusa hitaji la kweli.

Michael Dell, mfanyabiashara Mmarekani, alianzisha kampuni yake ya kompyuta mwaka 1984, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, kwa mtaji wa dola 1,000. Watu hupenda kusimulia kwamba aliacha chuo, nami nasikitika kila ninapoona kijana akilichukua hilo kuwa ndilo somo. Lenye manufaa zaidi ni utaratibu uliokuja kuipa kampuni hiyo umaarufu: kuwauzia wateja moja kwa moja na kuunganisha kompyuta baada ya kupokea oda, hivyo kwamba fedha haikulala stoo katika bidhaa ambazo huenda zisingenunuliwa. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo anaweza kuufuata utaratibu huo bila kuacha kipindi hata kimoja.

Fedha ya ada na ya matumizi isichanganywe kamwe na fedha ya biashara. Andika kila kinachoingia na kinachotoka, hata kama ni kwenye daftari la kawaida, na unapopanga bei uhesabu pia saa zako, kwa kuwa saa hizo zingeweza kutumika kusoma.

Jambo gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kalenda ya chuo. Wateja hufurika majuma ya mwisho ya muhula, wakati uleule ambapo mitihani yako mwenyewe inakaribia, na mapato hukauka kabisa wakati wa likizo. Nilijifunza kutangaza mapema tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, kudai malipo ya awali, na kupunguza bei kwa wale walioleta kazi zao mwanzoni mwa muhula, hatua ambayo ilisambaza kazi na kuniachia usiku wa kusoma. Aidha, kabla ya kuanza, soma kanuni za chuo chako kuhusu biashara, kwa sababu baadhi ya vyuo haviruhusu kufanyia biashara bwenini.

Hatimaye walikuja walionitaka niwaandikie ripoti zenyewe, tena kwa malipo makubwa kuliko ya kupanga kurasa. Nilikataa, na nikauweka mpaka huo wazi kwa maandishi: ninapanga umbo la kazi, wala sigusi hoja, takwimu wala hitimisho la mwandishi. Niliwapoteza wateja kadhaa kwa uamuzi huo. Hata hivyo, baadhi ya wahadhiri walipoufahamu mpaka huo, wao wenyewe walianza kunielekezea wanafunzi wao.