Kumlilia Mungu si kukosa imani

Pole sana, dada. Umesema tangu umzike mumeo miezi minne iliyopita huwezi kuomba, na kila anayekuambia "ni mapenzi ya Mungu" anakuchoma zaidi. Nakuelewa. Nilipomzika mama, Biblia yangu ilikaa mezani mpaka ikashika vumbi.

Kilichonifungua ni Zaburi ya 88. Isome kwa sauti. Ni kilio mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani, lakini imo kwenye Biblia. Basi usitafute maneno mazuri. Mwambie Mungu hayo hayo yanayokukaba koo, hata sentensi moja usiku. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza. Tafuta mtu mmoja wa kukaa nawe hivyo. Wengine wakikuambia lolote, itikia tu, upite.

Maana ya haya usiilazimishe sasa. Mimi mwenyewe bado sijaipata yote.

Ila kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usiishie kwenye maombi: muone daktari au mshauri nasaha leo hii, na umwombe mtu wa karibu asikuache peke yako.