Kabla Hujarudisha Kadi

Nilikuwa katibu wa tawi la chama kikubwa kwa miaka 11. Sitakitaja. Kwenye kura za maoni za udiwani mwaka 2015 tulimpa kura kijana wetu, lakini jina lililorudi kutoka juu lilikuwa la mtu asiyejua hata njia ya kwenda zahanati yetu. Wiki ile ile nikarudisha kadi, nikaingia chama kidogo ambacho kata nzima kilikuwa na bendera moja, nayo ilining'inia juu ya mwembe wa fundi baiskeli.

Tangu hapo, uchaguzi ukikaribia watu hunijia: "Kaka, tumechoka, na sisi tuje huko?" Nami huwauliza swali linalowakera: unakuja na nani?

Mwangalieni Maalim Seif, yule kinara wa upinzani Zanzibar. Machi 2019, Mahakama Kuu ilipomtambua hasimu wake, Profesa Lipumba, kuwa mwenyekiti halali wa chama chao cha CUF, Maalim alihamia ACT-Wazalendo. Kaulimbiu ikawa "shusha tanga, pandisha tanga", na ofisi za matawi Unguja na Pemba zikaanza kupakwa zambarau. Chama kilichoambulia mbunge mmoja tu mwaka 2015, Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini, mwisho wa 2020 kikatoa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim mwenyewe. Tanga lile lilipandishwa na watu waliovuta kamba pamoja miaka mingi. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, naye alitoka CCM akahamia CHADEMA Julai 2015 akapata kura za urais karibu asilimia 40, na Machi 2019 akarudi CCM. Waliokuwa wamemfuata yeye, si chama, walibaki wanatazamana.

Sisi tulihama watu sita, wote tukiwa na hasira. Hasira ilitutosha kujaza mkutano wa hadhara. Siku ya kura haikututosha. Kata ina vituo 31, na tulipata mawakala 12 wa kutulindia kura. Wakala si mtu wa kuokota asubuhi: lazima aapishwe mapema, apate nauli na chakula, na usiku asiondoke bila nakala ya fomu ya matokeo yenye saini. Watatu wetu waliondoka saa saba mchana kwa njaa (siwalaumu, tulikuwa tumewaahidi mihogo na hata hiyo haikufika). Katika vituo tisa vilivyobaki tuliongoza vitatu. Vile 22 vingine, matokeo yetu nilitangaziwa kama utabiri wa hali ya hewa.

Chama kikubwa hukuzoesha vibaya. Ukiwa kule, fulana zinakuja, gari linakuja, posho inakuja, nawe unadhani ni bidii yako. Kwenye chama kidogo kipaza sauti ni cha kuazima msikitini, na mwenye nacho anakitaka kabla ya magharibi.

Kiombe pia hicho chama kipya katiba yake, kisha uliza mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini. Kama mwenyekiti, mweka hazina na mwenye nyumba ya ofisi ni mtu mmoja, umetoka kwa bwana mkubwa kwenda kwa bwana mdogo. Na kama una kiti cha ubunge, ujue Katiba ya nchi inakunyang'anya siku unapokiacha chama kilichokupa. Mgombea binafsi hatuna, ndiyo maana hata vyama vya bendera moja vinabishiwa hodi.

Kutoka nako kuna adabu yake. Andika barua, kabidhi mhuri na daftari la wanachama, usimtukane mtu. Mimi nilitukana. Miezi minne baadaye mama alifariki, na waliochimba kaburi walikuwa wale wale.

Juzi amekuja dada mmoja, ameenguliwa kwao, machozi yanamlengalenga, anataka kadi yetu siku hiyo hiyo. Nikampa karatasi yenye majina ya vituo vyote 31, nikamwambia aandike mbele ya kila kituo mtu mmoja atakayekaa hapo mpaka usiku. Akaandika wanne, akakuna kichwa, akaongeza wa tano, akamkata. Kisha akaomba aondoke na karatasi.